Kaa

Bomba la chuma limezama mita moja.
Thoa, magoti ndani ya tope, analizungusha polepole,
kama mtu anayejaribu kufuli asilo na hakika nalo.
Maji yatarudi baada ya saa mbili. Khai anatazama saa, anavuta pamoja naye,
na bomba linatoka na mlio wa busu lisilo na adabu.

Ndani yake: mche duara wa tope,
mweusi juu, kijivu chini, unanuka yai viza.

Miche ya mama yake ilikuwa ya aina nyingine.
Nhan alipita papa hapa akiwa na miaka kumi na tisa,
mbegu begani, ndefu kama kalamu,
zililetwa kwa boti kutoka Ca Mau, nusu zimeoza njiani.
Alilipwa mchele. Kilo mbili kwa kila mia iliyosimama;
zilizoelea asubuhi zilikatwa kwenye hesabu.
Kulikuwa uwanda mtupu. Ndege zilikuwa zimemwaga dawa,
msitu ukavua majani ukafa wima,
hata kaa walihama.

Thoa anakata kwa kisu cha plastiki:
tano, kumi, kumi na tano,
kila kipande na mfuko wake, kila mfuko na namba.
Kwenye sentimita ishirini na nane kisu kinakwama.
Uzi wa nailoni, buluu, urefu wa kidole,
na fundo bado limekaza.

Khai: Tuandike nini?
Fomu ina safu ya mizizi, safu ya makombe,
na safu nyembamba ya vinginevyo.
Thoa anautia uzi mfukoni mwa shati.

Sasa sikiliza jinsi wanavyopima.
Ukitaka kujua tope limeficha ukaa kiasi gani,
unalikausha, unalisaga, unaliweka mizani,
kisha unalichoma. Nyuzi mia tano na hamsini, saa nne.
Unapima majivu. Kilichopungua ndicho ulichokuwa unakitafuta,
nacho kimeshapanda dohani.
Jani lililoanguka mwaka aliozaliwa Thoa,
likafunikwa, likanyimwa pumzi ya kuozea,
likanyamaza miaka yote hiyo,
limetoka Jumanne saa tisa alasiri
juu ya paa la maabara, karibu na nguo za mlinzi zilizoanikwa.
Kijiko kimoja tu. Lakini Thoa alifungua dirisha akaangalia.

Hesabu ilikuja ndogo kuliko walivyotaka ofisini.
Nusu, na kidogo juu yake,
ya ule msitu mkongwe ng'ambo ya mfereji ambao haukupandwa na mtu.
Akaandika nusu na kidogo.

Nyumbani mama anamenya vitunguu saumu.
Mnapima nini humo?
Moshi, mama. Mti unaumeza, jani linaanguka nao, tope linafunika.
Kwa hiyo nililipwa mchele kuficha moshi wa watu.
Thoa anacheka, kisha hacheki.
Anaweka uzi mezani.
Fundo lako, anasema. Nimelijua.
Mama anafuta mikono. Analisogeza kwenye taa, analigeuza.
Si langu. Mimi nafunga kulia.
Hili la Gam.
Alikuwa wa mkono wa kushoto, akipanda upesi kuliko sisi sote.
Homa ilimchukua kabla hawajatulipa ule mwezi wa tatu.
Mchele wake... sijui nani alikula mchele wake.

Lugha ninayoandikia haijafika kwenye ile delta,
lakini ingestarehe kule:
kaa achimbaye, kaa lililozimwa na maji ya chumvi,
na lile neno tunalomwambia mgeni
aliyesimama mlangoni hajui kama anatakiwa.

Shimo la bomba bado liko wazi, upana wa kiganja.
Maji yamelijaza nusu.
Mmoja, gando lake moja kubwa kuliko kichwa,
amefika ukingoni. Anaingiza mguu, anautoa.
Anapima.